Draiva za foahendi: uchukue ipi ukitaka masafa?

Katika gofu ya diski, anayetaka kurusha diski mbali kwa foahendi, yaani rusho la ubavuni, huvutwa kwanza na namba ya kasi. Anaona 13 au 14 imechapwa juu ya plastiki, anaona jina la mrushaji maarufu pembeni yake, anaamini kwamba masafa yamo humo. Kwenye bekihendi imani hiyo humpunguzia mita chache tu. Kwenye foahendi huliua rusho zima. Kinachoamua foahendi ifike wapi ni jinsi diski inavyouvumilia mkono pale inapotoka vidoleni, na hilo hulisomi katika namba ya kwanza. Unalisoma katika namba ya tatu na ya nne, katika upana wa ukingo na katika aina ya plastiki.

Nimeziweka hapa draiva saba, yaani diski za kurusha mbali, bega kwa bega. Sita ni za Innova na moja ni ya Discraft, kwa sababu hizi ziko karibu kila duka la gofu ya diski Marekani na Ulaya, na kwa sababu wauzaji wenyewe huzielezea diski za kampuni nyingine kwa kuzilinganisha na hizi. Ukizijua saba hizi, nyingine nyingi utazielewa kwa haraka. Ninaposema kushoto na kulia namzungumzia anayerusha kwa mkono wa kulia. Mwenye kutumia mkono wa kushoto ageuze.

Maneno machache kwa anayeanza. Gofu ya diski huchezwa kwa kurusha diski hadi iingie katika kikapu chenye minyororo, kwa marusho machache iwezekanavyo. Chama cha PDGA kilianzishwa mwaka 1976 na Ed Headrick, huko Marekani, na ndicho kinachoidhinisha diski za mashindano. Mwaka 1983 Dave Dunipace wa Innova alileta diski ya Eagle, yenye ukingo uliochongwa kama makali badala ya kuwa mnene na wa mviringo. Draiva zote za leo ni wajukuu wa wazo lile. Bekihendi ni rusho ambalo mkono unatoka kifuani kwenda nje. Foahendi ni lile ambalo kiganja kinatazama juu na mkono unapita ubavuni, kama mtoto anayerusha kijiwe bapa kiruke juu ya maji.

Kwa nini foahendi ina madai yake

Diski hukaa sawa hewani kwa sababu inazunguka. Hewa inapoibeba, msukumo wake hauangukii katikati kabisa. Diski ikiwa na kasi kubwa, msukumo hukaa nyuma kidogo ya kitovu. Kasi ikipungua, husogea mbele. Diski isiyozunguka ingepinduka kichwa chini au kichwa juu. Inayozunguka huupeleka msukumo huo ubavuni: mwanzo wa safari hulalia upande mmoja, mwisho wa safari hulalia upande wa pili. Kwa foahendi ya mkono wa kulia, mgeuko wa mwanzo huenda kushoto na mpindo wa mwisho huenda kulia.

Mzunguko ukiwa mwingi, diski hubisha kulala. Ukiwa mdogo, hukubali upesi. Foahendi huipa diski mzunguko mdogo kuliko bekihendi yenye kasi ileile, kwa sababu njia ya mkono ni fupi na karibu mzunguko wote unatoka kwenye kifundo cha mkono. Hilo ni la kwanza. La pili ni kuyumba. Wengi, wakitafuta nguvu, hukipindua kiganja kitazame chini wakati wa kuachia. Diski hutoka ikitikisika kama inayotafuta mahali pa kukaa, na mtikisiko huo hula kasi na kuisukuma diski igeuke zaidi. Huhitaji mashine kuugundua. Sikiliza tu: diski iliyotoka safi hupita kwa mvumo mmoja usiokatika, iliyotoka vibaya hupiga mapigo ya haraka hewani kwa mita kumi au ishirini za kwanza.

Ukiyajumlisha mawili hayo utaelewa kwa nini diski iliyoandikwa mgeuko wa -1 inaweza kufanya kazi ya -2 au hata -3 mkononi mwako, ilhali rafiki yako anayerusha bekihendi anaiona imenyooka kabisa. Utaelewa pia kwa nini ikiishiwa kasi inaanguka kulia kwa ghafla kuliko ulivyotarajia. Mzunguko mdogo hukuza yote mawili, mgeuko na mpindo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa foahendi ya masafa, anza na diski kaidi kiasi, yaani inayokataa kugeuka, halafu teremka taratibu kuelekea diski zinazokubali kadiri mkono unavyosafika. Kwa bekihendi ushauri wa kawaida kwa anayeanza ni kinyume chake, anzia kwenye diski legevu, na ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Wanabeba ushauri wa rusho moja hadi kwenye rusho jingine.

Namba nne, na ukingo

Namba zilizochapwa juu ya diski husomwa hivi. Ya kwanza ni kasi: si kasi ambayo diski itakupa, ni kasi ambayo diski inakudai ili iruke ilivyokusudiwa. Ya pili ni kuelea, uwezo wa kubaki hewani. Ya tatu ni mgeuko, na kadiri inavyokuwa hasi ndivyo diski inavyogeuka zaidi mwanzoni. Ya nne ni mpindo wa mwisho.

| Diski | Kampuni | Kasi | Kuelea | Mgeuko | Mpindo |
|---|---|---|---|---|---|
| Valkyrie | Innova | 9 | 4 | -2 | 2 |
| Thunderbird | Innova | 9 | 5 | 0 | 2 |
| Firebird | Innova | 9 | 3 | 0 | 4 |
| Wraith | Innova | 11 | 5 | -1 | 3 |
| Destroyer | Innova | 12 | 5 | -1 | 3 |
| Force | Discraft | 12 | 5 | 0 | 3 |
| Boss | Innova | 13 | 5 | -1 | 3 |

Namba hizi hazipimwi na PDGA. Kila kampuni hujipangia zake. Discraft kwa miaka mingi ilitumia namba moja tu ya ukaidi kabla ya kuufuata mtindo wa namba nne. Kwa hiyo 12 ya huku na 12 ya kule si lazima ziwe pacha, na hata diski mbili za jina moja, za plastiki moja, zinaweza kutofautiana kwa sababu moja ilipoa ikiwa na mgongo wa juu na nyingine ikabaki bapa. Ukiwa dukani, weka diski mbili za aina moja juu ya kaunta, inama macho yalingane nazo, utaiona tofauti.

Kuna kipimo kimoja kisichobishaniwa, nacho ni ukingo. PDGA hairuhusu ukingo upite sentimita 2.6. Destroyer una takribani 2.2, Boss unakaribia 2.5. Tofauti hiyo ya milimita tatu inaonekana ndogo hadi uishike kwa foahendi. Kidole cha kati hukaa ndani ya diski, ubavu wake ukiukandamiza ukuta wa ukingo. Kidole cha shahada hukaa nyuma yake kukitia nguvu, na gumba hukandamiza juu. Ukingo ukiwa mpana, gumba na kidole cha kati haviwezi tena kubana plastiki kwa nguvu moja, na diski hupata nafasi ya kuinama mkononi kabla ya kutoka. Mwenye vidole virefu hatalisikia hilo sana. Mwenye kiganja kidogo, wakiwemo vijana na wanawake wengi ninaowaona viwanjani, atalisikia kwenye kila rusho, na hakuna mazoezi yatakayomrefushia vidole.

Firebird au Thunderbird

Hapa ndipo ningependa kila mtu aanzie, na hapa ndipo ushauri unaosikika mara nyingi unapokosea nusu. Ukiuliza watu diski gani inafaa foahendi, wengi watasema Firebird. Ni diski nzuri mno. Ni bapa, haina mgongo, inakaa mkononi bila kuleta kero, na haigeuki hata ukiirusha kwa hasira dhidi ya upepo. Ukitaka kupinda kulia kuzunguka mti, au kutua na kuteleza kuelekea kikapuni, sijaona ya kuaminika kuliko hiyo.

Lakini tazama kuelea kwake: 3. Na mpindo: 4. Firebird si diski ya masafa. Inaenda mbele, halafu inaamua kwenda kulia, na ikishaamua haibembelezeki. Mtu mwenye mkono wa wastani akiitumia kama draiva yake ya mbali ataona rusho zake zote zinakatikia mahali pamoja, na ataanza kuongeza nguvu ili avuke pale. Nguvu hiyo huishia kwenye kiwiko. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko ni malalamiko ya kawaida sana kwa warushaji wa foahendi, na diski kaidi kupita kiasi huchangia kwa kumfanya mtu alazimishe.

Thunderbird ina kasi ileile ya 9, mgeuko uleule wa 0, lakini kuelea ni 5 na mpindo ni 2. Maana yake ni kwamba inauvumilia mkono unaoyumba karibu sawa na Firebird, kisha mwishoni inashuka kwa utaratibu badala ya kukata kona. Kwa mtu mmoja, siku moja, uwanja mmoja, Thunderbird itakwenda mbali kuliko Firebird. Ukingo wake bado ni mwembamba kiasi, kidole kinaukumbatia vizuri. Mtu akiniuliza diski moja ya foahendi ya kununua kabla ya nyingine zote, namwambia Thunderbird, na Firebird iwe ya pili kwa ajili ya upepo na kona.

Kampuni nyingine zina ndugu zao. Felon ya Dynamic Discs inakaa upande wa Firebird, tena kwa ukaidi zaidi kidogo kwenye mgeuko. Raptor ya Discraft, 9, 4, 0, 3, inakaa katikati ya hizo mbili, na kwa foahendi ni chaguo zuri kwa anayeona Thunderbird inamsumbua kwenye upepo.

Wraith au Destroyer

Swali hili ndilo gumu zaidi, kwa sababu kwenye karatasi diski hizi zinatofautiana kwa tarakimu moja tu. Zote kuelea 5, zote mgeuko -1, zote mpindo 3. Uwanjani hazifanani kabisa.

Destroyer ilipotoka mwaka 2007 iligeuka haraka kuwa draiva ambayo nyingine hupimwa kwayo, na hadi leo kampuni nyingi zina diski yao ya 12, 5, -1, 3. Zeus ya Discraft, iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezaji Paul McBeth, ni mojawapo. Cloud Breaker ya Discmania, iliyotolewa kwa jina la Eagle McMahon, ni nyingine. McMahon namtaja kwa makusudi: ni miongoni mwa wachezaji wa daraja la juu ambao foahendi yao inasimama sawa na bekihendi yao kwa masafa, na umbo alilolitumia kwa kazi hiyo lilikuwa la namna hii. Diski za kundi hili zikirushwa kwa kasi inayotosha na kutoka safi, hufanya kitu kizuri sana kutazama. Zinakwenda moja kwa moja, zinalala kushoto kidogo, zinakaa hapo kwa muda mrefu zikielea, kisha zinarudi kulia na kutua karibu na mstari zilikoanzia. Mkunjo huo wa herufi S ndio masafa yenyewe. Diski inayokwenda kulia tangu mwanzo inapoteza urefu wake ubavuni.

Tatizo ni hilo neno “inayotosha”. Destroyer ikirushwa polepole hugoma kabisa kugeuka, hupinda kulia mapema, na hubaki nyuma ya diski ya kasi 9 iliyorushwa na mtu huyohuyo. Watu hulipa zaidi ili warushe karibu zaidi.

Wraith inadai kidogo kuliko hapo. Ukingo wake ni mwembamba kwa takribani milimita moja, unatosha kiganja cha wastani, na kuelea kwake huanza kuonekana kwenye kasi ambayo Destroyer bado imelala. Kwa maoni yangu hii ndiyo draiva ya masafa ya foahendi kwa idadi kubwa zaidi ya watu. Ina udhaifu mmoja: mkono wenye nguvu lakini usio safi utaigeuza. Utaiona inalala kushoto, halafu hairudi, inaendelea kushuka hivyohivyo hadi chini. Ikikutokea hivyo, usikimbilie kununua Destroyer. Kwanza chukua Wraith ya plastiki ya Champion badala ya ile laini, na utoe diski ikiwa imeinamisha kidogo ukingo wa nje, yaani ule wa kulia. Wachezaji huuita mwinamo huo haiza. Diski ikigeuka itakuja kukaa sawa, badala ya kupita usawa na kuzama.

Kipimo ninachokipendekeza hakihitaji kifaa. Nenda kwenye uwanja wa mpira usio na watu, simama kwenye mstari wa goli. Uwanja wa kawaida una urefu wa takribani mita 105, kwa hiyo mstari wa katikati uko kama mita 52 kutoka ulipo, na mstari wa mbele wa boksi la upande wa pili uko kama mita 88. Rusha Thunderbird, au diski yoyote ya kasi 9 iliyo thabiti, kwa nguvu ambayo ungeitumia kwenye mchezo. Ikitua kati ya mstari wa katikati na boksi, baki na kasi 9, masafa yako bado yamo katika usafi wa mkono. Ikifika boksi mara nyingi bila kulazimisha, Wraith itakuongezea. Ikivuka mstari wa goli la pili, Destroyer ni yako, na utaijua tofauti tangu siku ya kwanza. Huu ni mstari wangu mwenyewe, si sheria ya mtu, lakini haupishani sana na ule wa wachezaji wengi wa Marekani wanaosema diski ya kasi 12 ianzie kwenye futi 350, yaani mita 107 hivi.

Force: Destroyer kwa mkono mkali

Force ya Discraft ina kasi 12 na kuelea 5 kama Destroyer, ila mgeuko wake ni 0. Tarakimu hiyo moja ni kubwa kwa foahendi. Yupo mrushaji mwenye mkono wa kasi kweli, mara nyingi aliyecheza besiboli au aliyekuwa mrusha mkuki shuleni, ambaye kila draiva anayoishika inageuka kushoto na kudondoka. Kasi anayo, usafi bado. Huyo Force itamstahi. Itautumia mtikisiko wake kama ule mgeuko ambao haikuzaliwa nao, na itaruka kwake kama Destroyer inavyoruka kwa mtu mwenye mkono safi.

Hasara yake ni kwamba inaficha kosa. Mtu anaweza kukaa na Force miaka, akaona mambo yanakwenda, na kiganja chake bado kinapinduka. Ndiyo maana ningemshauri aitumie kwenye mashindano na kwenye upepo, huku akifanya mazoezi kwa Thunderbird au hata kwa diski nyepesi na legevu zaidi. Scott Stokely, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya masafa katika miaka ya 1990 na ambaye sifa yake kubwa ni foahendi, amewafundisha watu wengi kwamba rusho hili hujengwa kutoka polepole kwenda kasi. Diski legevu iliyorushwa kwa upole hukuonyesha kila kosa la kifundo. Draiva kaidi hukuonyesha machache.

Boss na Valkyrie, kwa ufupi

Boss ni ya mwenye vidole virefu na mkono wa kasi sana. Ukingo wake mpana ukishikika vizuri, diski hukata hewa kuliko zote zilizomo katika jedwali. Usiposhikika vizuri, hakuna namba itakayokuokoa. Iazime kwa mtu kwanza, irushe mara kadhaa, kisha uamue. Na usihamasishwe na rekodi: mita 338 za David Wiggins Jr., zilizorushwa mwaka 2016 katika jangwa la Nevada, zilipatikana mahali palipochaguliwa kwa upepo wake. Uwanjani hakuna anayekuchagulia upepo.

Valkyrie nimeiweka kwa sababu inauzwa sana kama draiva ya masafa kwa wanaoanza, na kwa bekihendi ni kweli. Kwa foahendi, mgeuko wa -2 ni mtego kwa wengi. Inafaa kwa mtu mwenye mkono wa polepole lakini safi, hasa kijana au mtu mzima asiyetaka kujiumiza, na inafaa upepo ukiwa mgongoni. Akiirusha kwa haiza, itainuka, itanyooka na kwenda mbali kuliko draiva yoyote kaidi atakayoishika.

Plastiki na uzito

Jina la diski ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni plastiki. DX ya Innova ni ya bei ya chini, kama dola 10 hivi Marekani, inashikika vizuri ikiwa mpya, lakini ikigonga miti michache hulegea, na diski uliyoinunua kaidi inakuwa legevu kabla msimu haujaisha. Kwa draiva ya foahendi siipendekezi. Champion ni ile inayopenyeza mwanga, ngumu, inadumu, na kwa kawaida ndiyo kaidi zaidi katika jina moja. Star haipenyezi mwanga, inashikika vizuri zaidi na huruka kwa ulaini kidogo. Kwa Discraft, Z ni sawa na Champion na ESP ni sawa na Star. Hizi hugharimu karibu mara mbili ya DX, na kwa draiva zinastahili.

Wanaocheza kwenye baridi, Minnesota au Finland, wanajua kwamba Champion mwezi wa Januari huwa kama kioo mkononi. Foahendi inategemea kidole kimoja kukandamiza ukuta wa ukingo, kwa hiyo kuteleza kidogo ni hasara kubwa. GStar, plastiki ya Innova iliyo laini, inabaki na mshiko katika hali hiyo. Utapoteza ukaidi kidogo, kwa hiyo panda daraja: pale ambapo ungerusha Wraith ya Star, rusha Wraith ya GStar kwa haiza zaidi, au Destroyer ya GStar kama kasi unayo.

Kuhusu uzito, sheria ya PDGA ni gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Draiva nyingi zina kipenyo cha sentimita 21.1 hivi, ndiyo maana utaona 175 kama kikomo. Diski nyepesi hugeuka upesi zaidi na hupeperushwa zaidi. Kwa foahendi ya mtu mzima ningekaa kati ya 170 na 175. Kwa kijana, au kwa mwenye kiwiko kinachouma, diski za chini ya gramu 160 zina maana kubwa: mkono unafika kasi inayotakiwa bila kuvuta kwa nguvu. Ila achague umbo kaidi zaidi kufidia wepesi. Destroyer ya gramu 155 kwa mtu kama huyo inaweza kuwa nzuri kuliko Wraith ya 175.

Upepo na mwinuko

Upepo ukija usoni, diski huona hewa nyingi kuliko kasi uliyoipa, kwa hiyo hugeuka zaidi. Panda ukaidi: Thunderbird iwe Firebird, Destroyer iwe Force. Upepo ukitoka mgongoni, diski kaidi hudondoka mapema; hapo ndipo Valkyrie au Wraith iliyochakaa inapofanya kazi yake.

Mwinuko hausemwi vya kutosha. Hewa nyembamba huigeuza diski kidogo tu, kwa hiyo diski ileile huonekana kaidi zaidi juu kuliko pwani. Denver iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Nairobi kama 1,800, Eldoret zaidi ya 2,000. Mtu wa Houston, mji ulio karibu na usawa wa bahari, aliyezoea Destroyer yake akifika Denver ataona imekuwa karibu na Force. Aliyeko Nairobi na anasoma maoni ya watu wa Florida ashushe ukaidi hatua moja kabla ya kuagiza. Firebird huko juu ni ya kona tu, na Wraith itavumilia makosa ambayo Mombasa isingeyavumilia.

Ukiwa na fedha ya diski mbili

Kwa mkono unaoishia kati ya mstari wa katikati na boksi: Thunderbird ya Star na Firebird ya Champion. Kwa mkono unaofika boksi: Wraith ya Champion na Thunderbird. Kwa mkono unaovuka goli na kutoka safi: Destroyer mbili za Star, moja mpya na moja iliyotumika, uitafute hiyo ya pili kwenye meza ya vitu vilivyotumika dukani. Destroyer iliyokwisha kugonga miti ya kutosha hunyooka kwa muda mrefu zaidi kuliko mpya yoyote, na mara nyingi huuzwa kwa nusu ya bei. Kwa mkono wenye kasi lakini unaotikisa: Force ya Z kwa mashindano, Thunderbird kwa mazoezi.

Kabla ya kulipa, shika diski kama unavyoirusha, kidole cha kati ndani, gumba juu, na utikise kifundo mara mbili tatu bila kuachia. Ukingo ukicheza mkononi, irudishe ukutani hata kama namba zake ndizo ulizozitafuta, na uulize yenye ukingo mwembamba zaidi.